Itoka, Kadi na Kompyuta: Kumbukumbu za Ardhi Katika Nyeri na Nchi za Mlima Kenya

1. Utangulizi

Neno kumbukumbu katika Kiswahili lina maana mbili zinazokaa pamoja bila kugombana. Kumbukumbu ni kile kinachobaki moyoni mwa mtu baada ya jambo kupita. Kumbukumbu pia ni maandishi yanayowekwa na ofisi, kama vile kumbukumbu za mkutano au kumbukumbu za masjala. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu yoyote katika jambo hili, kwa sababu kwake maandishi ni msaada wa moyo, wala si kitu kilichokuja kuuondoa moyo kazini.

Historia ya utunzaji wa habari za ardhi katika Nyeri, na katika nchi nyingine zinazouzunguka Mlima Kenya, ni historia ya kutenganishwa kwa maana hizo mbili. Katika muda wa miaka mia moja na ushee habari za ardhi zimehama mara mbili: kwanza kutoka vichwani mwa wazee kwenda kwenye kadi za masjala, kisha kutoka kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta. Kila uhamisho ulitangazwa kuwa ni njia ya haraka na ya hakika zaidi ya kutunza habari zile zile. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba habari hazikubaki zile zile. Kila chombo kilichagua habari ya kuchukua na habari ya kuacha, na kilichoachwa na chombo kimoja hakikuweza kupatikana katika chombo kilichofuata. Aidha, sehemu kubwa ya uchaguzi huo ilifanyika katika lugha, yaani katika maneno yaliyopata safu katika kadi na maneno yaliyokosa safu.

2. Kumbukumbu kabla ya karatasi

Katika nchi ya Wagikuyu ardhi ilikaliwa kwa mpango wa githaka. Githaka kilikuwa mali ya mbari, yaani ukoo mdogo uliotokana na mtu mmoja aliyeipata ardhi ile zamani kwa kufyeka msitu au kwa kununua. Mbari ilikuwa na msimamizi aliyeitwa muramati. Jina hili latokana na kitenzi cha Kigikuyu chenye maana ya kutunza na kuangalia, na kweli kazi ya muramati ilikuwa kutunza. Hakuwa na ruhusa ya kuuza githaka kwa hiari yake peke yake, wala mbari haikumhesabu kuwa tajiri wa ardhi ile kuliko ndugu zake.

Juu ya ardhi hiyo hiyo walikuwapo watu wengine wenye haki za namna mbalimbali. Ahoi, ambao jina lao latokana na kitenzi cha kuomba, walikuwa watu waliopewa mahali pa kulima kwa urafiki au ujamaa, bila kodi, ila kwa heshima, pombe ya sherehe na msaada wa kazi. Athami walikuwa wamepewa pia ruhusa ya kujenga. Kila mke alikuwa na shamba lake, na kwa nyumba ya mama huyo ndiko watoto wa kiume walikopatia sehemu zao. Yalikuwapo pia mauzo yaliyoweza kukombolewa, ambapo muuzaji au mwanawe aliweza kurudisha mbuzi waliotolewa na kuichukua ardhi yake. Kwa hiyo kipande kimoja cha ardhi kiliweza kubeba haki za watu wanne au watano kwa wakati mmoja, na wote wakawa na haki kweli.

Habari hizi zote zilitunzwaje? Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichochapishwa mwaka 1938, ameeleza jinsi mpaka ulivyowekwa. Wazee wa pande zote mbili walikusanyika, kondoo akachinjwa, na chakula kilichokuwa tumboni mwake kikanyunyizwa katika mstari wa mpaka. Kisha kwenye mstari huo ikapandwa miti au itoka, ambayo ni mmea wa jamii ya yungiyungi wenye kitunguu kigumu kufa. Itoka haikuwa na maandishi, lakini ilikuwa alama, na maana ya alama hiyo ilijulikana na watu wengi: majirani wa huku na wa huko, wazee waliokula nyama ya kondoo yule, na vijana waliotembezwa mpakani ili wajue. Penye ugomvi, mashahidi hao waliitwa, na aliyeshukiwa kusema uongo aliweza kuapishwa kwa kiapo kizito kama kile cha githathi, ambacho watu waliamini kuwa kilileta mauti kwa mwongo na jamaa zake.

Si sawa kuusifu mpango huu kupita kiasi. Wazee walisahau, na wengine walisema uongo hata mbele ya kiapo. Mwenye ukoo mkubwa na mbuzi wengi alikuwa na mashahidi wengi. Mwanamke alikuwa na shamba lakini hakuwa na kiti katika baraza la kuamua mipaka. Hata hivyo mpango huu ulikuwa na sifa moja iliyo muhimu kwa hoja ya makala haya: uliweza kubeba habari za uhusiano. Kwa kuwa habari zilitunzwa katika maneno na si katika safu, hapakuwa na haki iliyokosa mahali pa kuwekwa.

3. Karatasi za mwanzo, 1902–1952

Waingereza walijenga ngome Nyeri mwaka 1902, baada ya vita vyao dhidi ya watu wa Tetu. Pamoja na bunduki walikuja na daftari, na pamoja na daftari akaja karani. Maneno haya mawili, daftari na karani, yalikuwa yamekwisha kuzoeleka katika miji ya pwani kwa biashara ya Bahari ya Hindi kabla ya kupanda bara. Kigikuyu kililipokea neno karani karibu lilivyo.

Kadi ya kwanza kuingia katika maisha ya watu wengi haikuwa ya ardhi bali ya mwili. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimishwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole na habari za kazi yake, na mara nyingi aliivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Watu waliiita kipande, na jina hilo la Kiswahili liliingia hata katika maandishi ya Kiingereza ya serikali. Kipande kiliwafundisha watu somo moja juu ya maandishi ya ofisi: habari iliyoandikwa juu yako na mtu mwingine ina nguvu kuliko habari unayoijua wewe mwenyewe.

Tukio la pili ni Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter, iliyoanza kazi mwaka 1932 na kutoa taarifa yake mwaka 1934. Wazee wa mbari mbalimbali walifika mbele ya tume wakaeleza nasaba zao, mipaka yao, na ardhi iliyochukuliwa na walowezi. Maneno yao yalipita katika ulimi wa mkalimani, yakaandikwa kwa Kiingereza, yakachapishwa katika majalada makubwa. Kwa njia hii kumbukumbu za mbari nyingi zilikusanywa mahali pamoja. Lakini hukumu ya tume haikufuata mbari. Tume ilipendekeza kwamba hasara ilipwe kwa kabila zima kwa kuongezewa eneo, na kwamba madai ya mbari moja moja nje ya eneo la kabila yafutwe. Kwa hiyo wazee walitoa habari za mbari, na ofisi ikatunza habari za kabila na idadi ya ekari.

4. Kuunganisha mashamba

Hali ya Hatari ilitangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Mwaka 1954 Roger Swynnerton, ofisa wa Idara ya Kilimo, alitoa mpango uliojulikana kwa jina lake. Mpango huo ulitaka mashamba madogo yaliyotawanyika ya kila mtu yaunganishwe kuwa shamba moja, mwenyewe aandikishwe na kupewa hati, ili aweze kukopa fedha na kupanda mazao ya biashara kama kahawa na chai. Wazo lenyewe halikuwa geni Nyeri. Chifu Muhoya wa Tetu Kaskazini alikuwa miongoni mwa waliolihimiza kabla ya serikali kulifanya kuwa amri ya nchi nzima ya Wagikuyu. Jipya lilikuwa wakati wake. Katika miaka ya 1954 na 1955 zaidi ya watu milioni 1 wa nchi ya Wagikuyu na majirani zao walihamishwa kwa nguvu kutoka makwao na kuwekwa katika vijiji vyenye ulinzi. Maelfu ya wanaume walikuwa katika kambi za kizuizini. M. P. K. Sorrenson, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1967, ameonyesha jinsi kazi ya kuunganisha mashamba ilivyofanyika katika hali hiyo, na jinsi waliosimama upande wa serikali walivyokuwa na nafasi bora ya kusikilizwa.

Kazi ilikwenda hivi. Kamati ya wazee ilikaa na kusikiliza madai ya kila mtu juu ya kila kipande. Vipande vilipimwa, vikaandikwa, na jumla yake ikahesabiwa. Sehemu fulani ilikatwa kwa ajili ya shule, barabara, masoko na mahitaji mengine ya watu wote. Kisha mtu akaonyeshwa mahali pamoja penye ukubwa uliolingana na jumla yake. Orodha ya haki iliwekwa wazi kwa muda wa siku 60 ili mwenye malalamiko ayalete. Kwa mtu aliyekuwa kizuizini mbali na Nyeri, siku 60 zilipita bila yeye kuiona orodha. Wakati huo huo mahakama za Waafrika zilizuiwa kusikiliza kesi za ardhi katika maeneo yaliyokuwa yakishughulikiwa, ili kazi isicheleweshwe.

Hapa pana jambo la kuangaliwa na mchunguzi wa vyombo vya habari za ofisi. Wapima ardhi walikuwa wachache na kazi ilikuwa kubwa, kwa hiyo serikali iliamua kutumia picha zilizopigwa kutoka angani. Ili mpaka uonekane katika picha, kila mwenye shamba aliamriwa kupanda ua wa miti kwenye mpaka wake. Ramani za masjala zilichorwa kwa kufuata picha hizo. Basi mkulima wa Tetu au Mathira alipanda mmea mpakani kama babu yake alivyopanda itoka, lakini safari hii hakupanda kwa ajili ya macho ya jirani. Alipanda kwa ajili ya macho ya ndege. Kondoo hakuchinjwa, na hapakuhitajika mtu wa kukumbuka.

Sheria ilifuata nyuma ya kazi. Kanuni za mwaka 1956 ziliipa kazi hii msingi wa kwanza wa kisheria, na sheria ya usajili ya mwaka 1959 ikauimarisha. Mwaka 1963 ilipitishwa Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, iliyokuwa msingi wa usajili wa ardhi za Waafrika kwa karibu nusu karne. Haraka ya kazi ilionekana wazi zaidi Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, ambako vipimo na madai yaligunduliwa kuwa na makosa na udanganyifu mwingi kiasi kwamba kazi ililazimika kurudiwa.

5. Umbo na lugha ya kadi

Masjala iliyotokana na sheria hizo iliweka kadi moja kwa kila kipande cha ardhi. Kadi ilikuwa na sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ilieleza ardhi yenyewe: ukubwa wake, nambari yake na ramani yake. Ya pili ilimtaja mwenyewe. Ya tatu ilitaja mizigo iliyo juu ya ardhi, kama vile rehani ya benki. Ardhi ikapata jina jipya lenye mkwaju katikati, lililofanywa kwa jina la mtaa, jina la sehemu ya usajili na nambari, mathalani Aguthi/Gatitu na nambari yake. Jina la mbari halikuwa sehemu ya jina hilo.

Manufaa ya kadi hayawezi kukanwa. Karani wa Nyeri aliweza kujibu kwa muda mfupi swali ambalo zamani liliwachukua wazee siku nyingi. Mgeni asiyejua mtu yeyote katika kijiji aliweza kujua nani wa kununua kwake. Mkulima aliweza kuchukua hati yake kwenda benki. Hata baadhi ya wanawake, hasa waliojinunulia ardhi kwa fedha zao, walipata katika kadi ulinzi ambao baraza la wazee halikuwapa. Maneno yenyewe ya Kiswahili yaonyesha heshima ya maandishi: hati latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mstari na mwandiko, na sajili latokana na neno la Kiarabu la daftari rasmi.

Lakini kadi iliandikwa kwa Kiingereza, na sehemu yake ya pili ilitaka jina la mwenyewe. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Katika Kiswahili, kama katika lugha nyingine za Kibantu, kiambishi -enye hakimaanishi umiliki peke yake. Mwenyekiti hakimiliki kiti. Amekikalia kwa niaba ya mkutano. Mwenyeji hamiliki mji. Yeye ni wa mji huo. Mwenye shamba aweza kuwa anayelimiliki, anayelilima, anayelisimamia au anayejibu maswali juu yake. Muramati alikuwa mwenye githaka kwa maana ile ya mwenyekiti. Kamati ilipouliza, “Nani mwenye ardhi hii?” watu walijibu kwa kumtaja kaka mkubwa au msimamizi wa jamaa, kwa sababu ndiye aliyestahili kujibu kwa niaba ya wote. Karani akaliandika jina lake katika safu ya mmiliki. Watu walijibu swali la uhusiano na ofisi ikaandika jibu la mali. Palipokuwa hivyo, hapakuwa na haja ya mtu kusema uongo ili ukweli upotee.

Maneno mengine hayakupata safu kabisa. Kadi haikuwa na mahali pa muhoi, wala pa muthami, wala pa shamba la mke, wala pa mbuzi walioweza kurudishwa. Ahoi wengi, ambao kumbukumbu za wazee zilikuwa zikiwahesabu, walijikuta ni watu wasio na ardhi kwa sababu tu haki yao haikuwa na jina katika lugha ya kadi.

6. Kadi mbele ya mahakama

Sheria ya mwaka 1963 iliipa kadi nguvu kubwa. Aliyeandikwa alipewa umiliki kamili pamoja na haki zote zinazoambatana nao. Zaidi ya hayo, kifungu cha 143 kiliruhusu mahakama kusahihisha usajili uliopatikana kwa ulaghai au kwa makosa, lakini kikatoa nje usajili wa kwanza. Maana yake ni kwamba makosa yaliyofanyika wakati wa Hali ya Hatari yalifungiwa ndani ya kadi. Mwenye kadi aliyeandikwa mara ya kwanza aliweza kushtakiwa kwa mambo mengine, lakini jina lake halikuweza kufutwa kwa sababu ya jinsi lilivyoingia.

Sheria hiyo hiyo ilikuwa na mlango mdogo. Ilisema kwamba usajili haumwondolei mtu wajibu wake kama ameshika ardhi kwa amana ya wengine, na iliruhusu mtu aandikwe kuwa ni mdhamini. Lakini jamaa nyingi hazikuomba maneno hayo yaandikwe, kwani kwao lilikuwa jambo la wazi lisilohitaji kuandikwa: nani asingejua kwamba kaka mkubwa ameshika kwa niaba ya ndugu zake? Alipokufa kaka yule, na mwanawe akaishika hati, ndipo ilipofahamika kwamba karatasi haikuwa ikijua.

Kesi zilianza. Mwaka 1972 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za kimila zisizoandikwa haziwezi kumzuia aliyesajiliwa. Katika miaka iliyofuata majaji wengine waliliona jambo hilo kwa jicho tofauti, na mwaka 1984 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba aliyesajiliwa aweza kuwa ameshika kwa amana ya kimila hata kama kadi haisemi hivyo. Mabishano yaliendelea hadi mwaka 2018, ambapo Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotoka Meru, ilitamka kwamba amana ya kimila ni haki inayoibana ardhi iliyosajiliwa hata bila kuandikwa, na kwamba hukumu za namna ya ile ya 1972 si mwongozo mzuri tena.

Katika kesi hizi zote palitokea jambo moja. Ili kuthibitisha amana, ilibidi wazee waitwe mahakamani kueleza nasaba ya jamaa, nani alilima wapi, kaburi la nani liko wapi, na nani alikuwapo siku ya kupimwa. Chombo kilichoondolewa kazini mwaka 1956 kiliitwa tena, lakini safari hii kikiwa dhaifu. Watu waliokuwa mashahidi walikuwa wamekufa, itoka ziling'olewa zamani, na mzee aliyebaki alihojiwa na wakili kwa lugha iliyopita tena katika ulimi wa mkalimani.

Kadi iliathiri hata kumbukumbu zenyewe. David Brokensha na Jack Glazier, waliofanya utafiti katika nchi ya Wambeere chini ya Embu, wameeleza jinsi kazi ya uamuzi wa haki za ardhi iliyofika huko baada ya Uhuru ilivyozifanya koo zitafute mashahidi, zipanue nasaba na kushindana kwa hadithi za kale. Habari za jadi zilizokuwa zikisemwa kwa ajili ya kuishi pamoja zikaanza kusemwa kwa ajili ya kuandikishwa. Angelique Haugerud naye, katika utafiti wake wa Embu uliochapishwa mwaka 1983, alionyesha kwamba daftari la masjala na matumizi ya ardhi mashambani vilikuwa vimeanza kuachana: watu waliuza, waligawana na kurithishana bila kwenda ofisini. Kwa hiyo kadi, iliyosifiwa kwa uhakika wake, ilikuwa na hakika juu ya siku ile tu iliyoandikwa.

7. Kompyuta

Mwishoni mwa karne ya 20 masjala za Kenya zilikuwa zimelemewa. Mafaili yalijaa, kadi zilichakaa, na malalamiko ya faili lililopotea yalikuwa maneno ya kila siku ya watu wenye shida na ardhi. Tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u, iliyotoa taarifa yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi za umma zilivyogawiwa kinyume cha sheria, na ilionekana wazi kwamba maandishi ya ofisi yaweza kuwa pazia la uovu kama yawezavyo kuwa kinga yake. Katiba ya mwaka 2010 na sheria mpya za ardhi za mwaka 2012 ziliifuta ile ya 1963. Chini ya sheria mpya hati iliyopatikana kwa ulaghai yaweza kupingwa, na amana za kimila zimetajwa kwa jina. Mwezi wa Aprili 2021 serikali ilizindua mfumo wa kompyuta uitwao Ardhisasa, ulioanza na Nairobi ukikusudiwa kufika nchi nzima.

Jina Ardhisasa ni la Kiswahili, na hilo ni jambo la kufurahiwa. Lakini inafaa kuuliza kompyuta hupewa nini. Hupewa picha ya kadi. Kazi ya kuhamisha habari, kama inavyofanywa katika masjala nyingi duniani, ni kupiga picha ya karatasi zilizopo, kuzipanga, kusahihisha nambari na kuziingiza katika mtambo. Kilichomo katika kadi kitaingia, kisichokuwamo hakitaingia. Mkazi wa Skuta anayetaka kununua kiwanja pembezoni mwa mji wa Nyeri ataweza kupata jibu upesi kuliko baba yake aliyepanga foleni mbele ya dirisha la karani. Jibu lenyewe, hata hivyo, litakuwa lile lile: jina la aliyeandikwa, ukubwa, na rehani kama ipo. Halitamwambia kwamba mjane wa ndugu wa muuzaji analima nusu ya shamba hilo tangu kuolewa kwake, wala kwamba ardhi ile ilikuwa ya nyumba mbili.

Upo hata uwezekano kwamba hali itakuwa nzito zaidi kwa wasioandikwa. Karani wa zamani alikuwa mtu wa Nyeri. Aliweza kusita, kuuliza, au kumwambia mnunuzi aende kwanza akaonane na jamaa ya muuzaji. Bodi za kusimamia mauzo ya ardhi za kilimo, zilizowekwa na sheria ya mwaka 1967, nazo ziliweza kumwita mke na watoto wa muuzaji na kuwasikiliza. Vituo hivi vya kusita vilikuwa sehemu ya utunzaji wa habari ingawa havikuandikwa katika maelezo ya kazi. Mtu anayesifu mtambo kwa sababu hauna haja ya vituo hivyo, budi aeleze pia habari zilizokuwa zikipatikana hapo zitapatikana wapi.

Hata hivyo kompyuta si kadi, na hapa ndipo tofauti yake ya kweli ilipo. Kadi ilikuwa na udhuru: karatasi ilikuwa finyu, mwandiko ulichukua nafasi, na karani hakuweza kuandika nasaba nzima katika safu moja. Kompyuta haina udhuru huo. Inaweza kutunza majina kumi ya wenye haki kwa namna kumi, sauti ya mzee akieleza mpaka, picha ya makaburi, na maelezo kwa Kigikuyu, Kimeru au Kiswahili karibu na yale ya Kiingereza. Kama mambo haya hayataingizwa, sababu haitakuwa chombo. Sababu itakuwa kwamba hakuna aliyeuliza, au kwamba hapakuwa na neno la kuulizia.

8. Hitimisho

Mambo matatu yanaweza kuthibitishwa kutokana na historia hii. La kwanza ni kwamba chombo cha kutunza habari hakitunzi tu. Kinaamua pia ni jambo gani litahesabiwa kuwa habari. La pili ni kwamba hasara hutokea wakati wa kuhama. Haki za ahoi na za wake hazikupotea kidogo kidogo katika miaka ya 1970. Zilipotea siku ile safu za kadi zilipochorwa, na mahakama ilichukua zaidi ya miaka 50 kuzirudisha kwa sehemu. La tatu ni kwamba safu za kadi zilikuwa kwanza maswali, na maswali yalikuwa kwanza maneno.

Jambo hili la tatu linawahusu wataalamu wa lugha moja kwa moja. Istilahi za usajili wa ardhi katika Kiswahili zimetungwa mara nyingi kwa kutafuta neno la kulingana na neno la Kiingereza. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini hufuata safu zilizokwisha kuchorwa. Iko kazi nyingine, ya kukusanya maneno ya uhusiano wa watu na ardhi yaliyomo katika Kigikuyu, Kiembu, Kimbeere, Kimeru na lugha nyingine za nchi, kuyaeleza kwa makini, na kuyapatia Kiswahili kinachofaa ofisini. Muramati si mmiliki, na si wakili pia. Muhoi si mpangaji, kwa maana mpangaji hulipa kodi. Mpaka maneno haya yapate visawe vinavyoaminika, mtunga fomu za kompyuta hatakuwa na la kufanya ila kufasiri kadi ya mwaka 1959.

Kazi hiyo ina muda wake. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1958, akashika mnyororo wa kupimia au kusimama na baba yake wakati wa kuonyeshwa mpaka mpya, alizaliwa mwaka 1938. Watu wa rika hilo wanaojua vipande vya zamani vilikuwa wapi, nani alilima, na kwa ruhusa ya nani, wamebaki wachache Nyeri, Karatina, Murang'a na Embu. Kadi zao zitasubiri kupigwa picha mwaka huu au mwaka wa kumi. Wao wenyewe hawawezi kusubiri.